Saa Isiyodhurika na Sumaku: Maana Yake na Ilikotoka

Saa isiyodhurika na sumaku ni saa ya kamani ambayo mwendo wake hauharibiki inapokaribiana na sumaku ya nguvu fulani iliyopimwa. Sehemu inayohitaji kinga hiyo kuliko zote ni kamani ndogo, nyembamba kama unywele, inayojikunja na kujikunjua mara kadhaa kwa sekunde ili kuongoza mwendo wa saa. Kamani hiyo ikiwa ya feleji na ikashika usumaku, mizunguko yake hunatana, urefu unaofanya kazi hupungua, na saa huanza kukimbia, pengine kwa dakika nyingi kila siku, ingawa hakuna kilichovunjika.

Tatizo hili lilikuwa kubwa baada ya mota na mitambo ya umeme kuenea katika karne ya 19. Mafundi walijaribu kamani za aloi (mchanganyiko wa metali) za paladi, madini yasiyovutwa na sumaku, na mwaka 1915 Vacheron Constantin ya Uswisi ikatoa saa ya mfukoni ya aina hiyo. Tissot ikafuata na saa ya mkononi mnamo 1930.

Njia ya pili ilikuwa kuifungia mitambo ya saa ndani ya kasha la chuma laini, ambalo huvuta nguvu ya sumaku na kuipitisha pembeni. Kwa njia hii Rolex ilitengeneza Milgauss katika miaka ya 1950, kwa ajili ya wanasayansi na wahandisi, ikistahimili gauss 1,000 (gauss ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kama jina lenyewe linavyosema, kwani "mille" kwa Kifaransa ni elfu. Kasha hilo lakini huongeza unene. Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi ni ile ya mwaka 2013, Omega ilipoonyesha saa ya kustahimili zaidi ya gauss 15,000 bila kasha la ndani, kwa sababu kamani yake ni ya silikoni na sehemu nyingine muhimu ni za metali zisizoshika usumaku.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 764 hudai kiasi kidogo sana kuliko hicho: ampea 4,800 kwa mita, takriban gauss 60, na mwendo wa saa usibadilike zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Sumaku ya kufungia mkoba, ikigusa saa, huweza kuzidi kiwango hicho, ingawa nguvu yake hupungua upesi ukiisogeza sentimita chache tu. Saa iliyokwisha kushika usumaku hupelekwa kwa fundi, naye huuondoa kwa kifaa kidogo cha umeme, mara nyingi bila hata kuifungua.