Mteremko wa joto: maana yake kwa anayefuga kobe au chatu ndani ya sanduku la mbao

Mteremko wa joto ni hali ya joto kupungua kidogo kidogo kutoka ncha moja ya banda hadi ncha nyingine, kiasi kwamba mnyama aliye ndani akisogea hatua chache tu anajikuta mahali penye joto zaidi au penye ubaridi zaidi, kadiri mwili wake unavyodai. Mfugaji mpya huuliza kobe anahitaji nyuzijoto ngapi, na swali hilo halina jibu moja, kwa kuwa kobe hakai na joto moja kutwa nzima. Anachohitaji ni nafasi ya kuchagua.

Tumezoea kuwaita kobe, mijusi na nyoka wanyama wa damu baridi, jina linalopotosha kidogo, kwa sababu damu ya mjusi aliyeota jua adhuhuri inaweza kuwa na joto sawa na ya kwetu. Tofauti ni kwamba sisi tunazalisha joto kutokana na chakula tunachokula, naye hulipata nje ya mwili wake. Mtazame mjusi wa ukutani hapa Tabora asubuhi ya mwezi wa Juni: hutoka kwenye ufa akiwa mzito, hujilaza kifudifudi kwenye tofali lililopigwa na jua, na baada ya muda anakimbiza wadudu, jua likiwa kali anarudi kivulini. Ukimfungia mnyama wa namna hiyo ndani ya sanduku, umemnyang'anya ukuta, jua na kivuli kwa pamoja, na ni wajibu wako kumrudishia vyote vitatu. Chatu aliyekosa joto baada ya kula hawezi kusaga chakula, huweza kukitapika, na kikibaki tumboni huoza.

Sanduku ninalolifahamu vizuri lilitengenezwa na fundi seremala kwa mbao za mninga, urefu sentimita 120, upana 60, kwa ajili ya kobe mdogo mwenye madoa, ambaye nina kibali cha kumfuga. (Kibali si jambo la hiari: kobe na chatu ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inawahusu hata wakiwa sebuleni kwako.) Balbu ilifungwa ncha ya kulia, na vipimajoto vitatu vikawekwa usawa wa mgongo wa kobe, si juu ukutani ambako joto hupanda na kudanganya. Chini ya balbu kilisoma nyuzijoto 34, katikati 29, ncha ya kushoto 25. Huo ndio mteremko, na kwa kobe wa aina hiyo ni mzuri. Balbu hiyohiyo ingewekwa katikati, kingekuwa kilima chenye ubaridi kiasi pande zote mbili, na mnyama angebaki na nafasi ndogo ya kuchagua. Katika sanduku fupi mno hata balbu iliyowekwa pembeni hupasha kila kona, na mnyama hana pa kukimbilia.

Jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani ni kwamba balbu huongeza joto tu, haiwezi kulipunguza. Ncha ya baridi haitakuwa na ubaridi kuliko chumba chenyewe. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi karibu nyuzijoto 15. Kigoma, iliyo chini zaidi kandokando ya Ziwa Tanganyika, usiku wake una uvuguvugu zaidi. Kwa hiyo sanduku lililopimwa likafaa Kigoma linaweza kupoa mno Tabora mwezi wa Julai. Kisha huja Oktoba, mvua bado hazijaanza, chumba chenye bati bila dari kinafika nyuzijoto 33 mchana, na balbu ileile iliyokuwa neema inageuka kuwa hatari. Siku kama hiyo huzimwa, na sanduku halisogezwi kamwe dirishani penye jua, hasa likiwa na kioo.

Kinachotoa joto chapaswa kuwa juu. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hutoa mwanga mwingi na joto kidogo mno, na wengi huzinunua kisha wakashangaa. Zinazofaa ni zile za zamani za uzi, au balbu za kauri zisizotoa mwanga, ambazo uso wake huweza kupita nyuzijoto 200 na kwa hiyo lazima zizungukwe na wavu wa chuma. Mawe ya umeme ya kulalia siyapendi hata kidogo. Porini joto kali hutoka juu, na reptilia, yaani kobe, mjusi au nyoka, anaweza kulalia jiwe linalomuunguza bila kuondoka.

Mlinzi wa mteremko ni themostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichokiweka. Hata hivyo themostati hujua tu kile ambacho kihisio chake kinakigusa. Usiku mmoja kobe wangu alikivuta kihisio kwa mguu hadi kwenye bakuli la maji. Kifaa kikaamini sanduku limepoa na kuiacha balbu ikiwaka mfululizo. Asubuhi kipimajoto cha upande wa kulia kilisoma 43, na kobe alikuwa amejibana kwenye kona ya kushoto, kichwa ndani ya gamba. Kona hiyo ndiyo iliyomwokoa. Tangu siku hiyo kihisio kimefungwa kwa klipu ya chuma ukutani, usawa wa mgongo, na kipimajoto cha pili kinakisimamia.

Kuhusu moto, holda iwe ya kauri, kwani ya plastiki hulainika na balbu ikadondoka juu ya nyasi kavu. Hapo themostati haisaidii, maana kihisio kitaona ubaridi na kuendelea kuruhusu umeme. Maungio yote ya waya yakae nje ya sanduku, nayo balbu ishikwe pia na mnyororo mfupi.

Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha usiku wa manane, mteremko hutoweka polepole, na mbao nene hukupa muda kidogo. Funika sanduku kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa, weka ncha ya kulia chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kanga, na uache ncha ya kushoto tupu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kwa dakika chache, kwa kuwa gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu na itaanza na wewe kabla ya kobe. Chomoa plagi vilevile, na uirudishe baada ya umeme kutulia, ukiwa umeondoa blanketi kwanza.