Ndimu na kitunguu saumu havizibui mishipa ya moyo

Ujumbe unaozunguka kwa miaka mingi katika makundi ya simu unadai kwamba mchanganyiko wa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na siki huzibua mishipa ya moyo, hivyo mgonjwa hahitaji upasuaji. Dai hilo si kweli. Mafuta na kalsiamu vinavyoziba mshipa hujijenga ndani ya ukuta wake, mahali ambapo kinywaji hakiwezi kuvisafisha. Ndiyo maana mpasuaji huchukua mshipa wa mguuni au kifuani na kuipitishia damu njia mpya. Anayetaka uhakika aulizie picha ya eksirei inayopigwa baada ya dawa maalumu kuingizwa mishipani, kwani huonyesha palipoziba. Wengi hudanganyika kwa kuwa maumivu hutulia mgonjwa anapopumzika, ilhali kizibo kingalipo. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo, maana anayeuamini huchelewa kutibiwa.