Doa la jino lina umri wake: maswali ya mama wa Maji ya Chai

Mama mmoja wa Maji ya Chai, nje kidogo ya Arusha, alinijia kliniki na wanawe wawili. Mkubwa alilelewa na bibi yake Moshi, Kibosho juu, hadi alipofikisha miaka saba. Meno yake meupe. Mdogo kazaliwa na kukulia hapahapa, na meno yake ya mbele yana michirizi ya kahawia, utadhani yamelazwa kwenye kikombe cha chai usiku kucha. Mama alishamchapa mdogo mara mbili kwa uvivu wa kupiga mswaki. Haya ndiyo aliyoniuliza, nikichanganya na ya wazazi wengine.

Daktari, dawa ya meno ni moja na mswaki nawasimamia mwenyewe. Kwa nini huyu tu?

Mama, usimchape tena. Rangi ile haikuanzia kwenye mswaki. Ilianza jino likiwa bado ndani ya fizi.

Jino limefunikwa na tabaka gumu linaloitwa enameli, gumu kuliko mfupa wowote mwilini. Hutengenezwa mara moja tu, na seli maalumu, kuanzia ncha ya jino kushuka kuelekea kwenye fizi. Jino likichomoza, seli zile zinakufa. Ni kama fundi wa plasta aliyemaliza ukuta, akakusanya mwiko wake akaenda zake: ulipobaki ufa, utabaki. Ndiyo maana mfupa ukivunjika unaunga, lakini enameli haioti tena.

Mwanao mdogo alikunywa maji yenye floraidi nyingi, aina ya madini, wakati fundi yuko kazini. Floraidi ikizidi, enameli haikomai vizuri, inabaki na vitundu vidogo sana. Jino hutoka likiwa na weupe wa chaki, kisha rangi za vyakula na vinywaji hujipenyeza humo miaka inavyokwenda.

Kwa hiyo ni ile rangi ya mto wetu?

Hapana, na hili huwapoteza wengi. Mto una rangi ya chai na kijiji kikapata jina, lakini floraidi haina rangi wala harufu. Kisima kinachong'aa kama kioo kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko mto. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapopita chini yakaiyeyusha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo kuzunguka Meru vinapita 10. Chemchemi nyingi za juu Kilimanjaro zina kiasi kidogo, na hiyo ndiyo bahati ya mwanao mkubwa.

Nikichemsha je?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki na mvuke. Sufuria ikikaa sana motoni, maji yanapungua na floraidi inabaki ileile, kwa hiyo unaizidisha makali.

Na magadi pia, mama. Tunayatia kwenye makande na maharage ili yaive upesi, na magadi ya huku kwetu mara nyingi yana floraidi nyingi. Chakula cha mtoto mdogo kipikwe bila magadi, hata kama kuni zitaongezeka kidogo.

Mtoto wa jirani yangu wa Moshi hajawahi kunywa maji ya huku, lakini meno yake yana mstari wa mashimo.

Hapo ndipo jino linapoanza kusimulia. Siyo kila doa ni floraidi. Mtoto akiugua sana, mathalani surua kali, homa ndefu au utapiamlo, seli za enameli zinaweza kusita kazi. Zinaporudi, mahali pale pameshabaki mstari au vishimo. Mtoto aliyezaliwa njiti naye anaweza kuwa nayo, hasa kwenye meno ya utoto.

Mimi huangalia mambo mawili. Kwanza, je, kulia na kushoto vinalingana? Vikilingana, lilikuwa jambo la mwili mzima. Likiwa jino moja tu, nauliza kama mtoto aliwahi kuanguka na kuumiza jino la utoto lililotangulia mahali pake.

Pili, mstari uko wapi? Meno makubwa ya mbele juu huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, na kichwa cha jino, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, hukamilika kwenye miaka minne au mitano. Mstari wa karibu na ncha ni wa uchanga, wa karibu na fizi ni wa baadaye. Nikimuuliza mzazi, "Alipokuwa na mwaka mmoja hivi, alilazwa?" wengi hushtuka. Jino linataja umri, halitaji jina la ugonjwa. Hilo anayelikumbuka ni mama.

Na meno ya plastiki? Shangazi alitaka yang'olewe.

Hakuna meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, fizi imevimba kidogo mahali pa chonge, watu wanasema ndiyo meno ya plastiki, basi anatafutwa mtu wa kuchimba. Kinachotolewa ni chembe ya jino la utoto la kawaida kabisa, laini kwa sababu halijakomaa. Nyuma yake kuna chembe ya chonge la ukubwani, nayo hujeruhiwa: baadaye jino hutoka na kasoro, limepinda, au halitoki kabisa. Mbaya zaidi ni damu na maambukizi, maana wapo watoto waliokufa. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi na kwa kwenda zahanati. Shangazi mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Huyu wangu atapona?

Rangi nyepesi tunaweza kuipunguza kwa kusugua kitaalamu, mashimo tunaziba, na jino lililoharibika sana tunalifunika. Majivu, mchanga, mkaa na ndimu aache, vinakwangua au kuyeyusha enameli iliyobaki. Magego yakiuma kwa maji baridi, mlete mapema. Dawa ya meno aendelee nayo, kiasi cha punje ya njegere, na ateme.

Nina wa tatu, ana miezi saba. Ndiyo kwanza naanza uji.

Huyu ndiye tunayeweza kumwokoa. Maziwa yako hayana shida, floraidi hupita humo kidogo sana hata ukinywa maji ya hapa. Mnyonyeshe. Uji wake upike kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, ukiyamwaga ya kwanza, kisha uchemshe. Maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi, yanafaa pia, ila mkaa ule huchoka na lazima ubadilishwe.

Mama alisema tenki lake ni dogo, halifiki kiangazi. Nikamwambia amtengee mtoto ndoo yake yenye mfuniko, ya uji na ya kunywa tu. Nguo na vyombo vioshwe kwa maji ya kisima.