Ile kona kwenye picha ya vesikeli si kona

Wiki iliyopita amekuja mwanafunzi mwingine na picha ya vesikeli, kifuko kidogo mno cha utando wa lipidi (mafuta), kwenye laptopu. Amechora mistari mitatu myekundu pale utando unapokutana na mpaka wa vimiminika viwili vilivyomo ndani yake, pembeni kaandika nyuzi 68. "Dokta, hii ndiyo pembe ya mguso ya PEG kwa huu utando." Pembe ya mguso ni ile ambayo kimiminika huunda kinapogusa uso. Ni wa tatu mwaka huu kuniletea kosa hilo. Nikamwambia avute kiti.

Mwanzo wa kazi mnaujua. PEG (polietilini glaikoli) na dekstrani, polima mbili, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zilizoyeyushwa majini, asilimia chache kwa uzito, ndani ya vesikeli ya lipidi yenye kipenyo cha makumi ya mikromita. Unaongeza sukari nje, maji yanatoka, polima zinakolea mpaka zinagoma kukaa pamoja. Unapata sehemu mbili, ya PEG na ya dekstrani, na zote kwa wingi wake ni maji. Swali la "maji na maji yatatenganaje" tuliache: mwanasayansi Mholanzi Beijerinck aliona gelatini na agari zikitengana ndani ya maji mwaka 1896.

Kosa lenyewe ni kuufanya utando kuwa kioo. Tone likikaa juu ya kioo, kioo hakisogei; pembe ni moja na Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1805. Utando wa lipidi una unene wa nanomita 4 hadi 5, nao ni kimiminika. Ukivutwa, unafuata. Mpaka wa PEG na dekstrani unataka kupunguza eneo lake, kwa hiyo unaibana vesikeli kiunoni kama mtu aliyejifunga kibwebwe. Kibwebwe chenyewe ni dhaifu mno: mvutano wake ni mikronyutoni 1 hadi 100 hivi kwa mita, wakati uso wa maji na hewa una milinyutoni 72. Lakini kwa utando laini namna ile kinatosha, na vesikeli inageuka kibuyu.

Sasa tazama shingo ya kibuyu halisi. Inapinda taratibu, ukipitisha kidole hukwami popote. Kwenye picha yako kuna kona kali, na hapo ndipo mnaponikasirisha, kwa sababu utando hauwezi kuwa na kona. Kona ya kweli ingedai nishati ya kupinda isiyo na mwisho. Fanya hesabu ya ukubwa wa mpindo: ukinzani wa kupinda ni kama jouli 10⁻¹⁹; gawanya kwa mvutano, tafuta kipeuo cha pili. Mvutano ukiwa mikronyutoni 1 kwa mita unapata nanomita 300 hivi, ukiwa 10 unapata 100. Hadubini ya mwanga inaishiwa nguvu kwenye nanomita 200 na ushei, kwa hiyo hata mpindo wa 300 unaonekana kwa shida. Ile kona ni mpindo laini ambao lenzi imeshindwa kuufungua, na pembe ya asili, ile inayosema utando unapenda PEG kiasi gani kuliko dekstrani, imo humo ndani, haionekani.

Nyuzi 68 basi ni za nini? Ni za umbo la vesikeli ile moja, siku ile. Jirani yake kwenye bechi hiyohiyo, aliyepoteza maji zaidi, ana pembe nyingine, na kemia haijabadilika hata kidogo. Kundi la watafiti Lipowsky na Dimova kule Potsdam, Ujerumani, lilionyesha njia mwaka 2009. Pima pembe zote tatu zinazoonekana: mbili za ndani, moja kwa kila kimiminika, na ile ya nje. Toa sini ya pembe moja ya ndani kwenye sini ya nyingine, kisha gawanya kwa sini ya pembe ya nje. Jibu ni kosini ya pembe ya asili, na hiyo ndiyo haiyumbi kutoka vesikeli moja hadi nyingine.

Tulikaa tukapima vesikeli zake zote. Pembe mojamoja zilitawanyika ovyo. Kosini zikakusanyika, isipokuwa moja. Nikamuuliza aliipigaje picha. Kutoka juu. Dekstrani ni nzito, inazama, na ukitazama kutoka juu unaukata mhimili vibaya. Itazame kutoka ubavuni, mkato upite katikati, la sivyo pembe zote tatu ni za uongo.

Na andikeni joto la chumba, jamani. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, mchana wa Dar es Salaam unatosha kuurudisha mchanganyiko ulio karibu na mpaka wa kutengana ukawa kimiminika kimoja.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe halijanitulia. Maji yakiendelea kutoka, utando wa ziada huchomoza kuelekea ndani kama mirija myembamba kuliko lenzi inavyoweza kupima, hasa upande wa PEG. Maana yake utando una mpinde wake wa asili pale, yaani unapenda kupinda wenyewe, na mpinde huo nao una mvutano wake. Kanuni ya sini inapima tofauti ya mvutano kati ya vipande viwili vya utando. Haisemi kiasi gani kimetoka kwenye kulowana, yaani utando kupenda kimiminika kimoja kuliko kingine, na kiasi gani kwenye mpinde. Watu wengi huandika yote kwa jina la kulowana na kusonga mbele. Mimi nikiona mirija, naiweka picha yake kando ya namba, na sitaki msomaji aichukue namba ile bila picha.