Je, wajua kwa nini kituo cha kuboresha ufundishaji wa sayansi huanza na mwalimu, si maabara?

Kwa miaka mingi, nikisikia chuo kikuu kinajenga kituo cha kuboresha ufundishaji wa sayansi na teknolojia, nilikuwa naona jambo moja tu kichwani: maabara kubwa yenye meza za vigae, darubini zilizopangwa kwenye kabati za vioo, na wanafunzi wa sekondari wakishushwa kwenye mabasi kuja kutazama. Shule niliyosoma, wilayani Newala, maabara yake ilikuwa na kufuli muda mwingi wa mwaka. Ukikaa na njaa ya kitu, unaanza kuamini kwamba kukipata ndiyo dawa yote.

Kwamba vifaa vinahitajika, hapo sikukosea. Nilikosea kudhani vinatosha.

Kilichonibadilisha ni utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao, uliofanyiwa wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanafunzi wengine walitazama jaribio likifanywa mbele yao na kuelezwa maana yake. Wengine hawakuonyeshwa jaribio hilo kabisa. Walipopimwa baadaye, waliotazama hawakuwa wameelewa zaidi sana kuliko wasiotazama. Tofauti ilionekana kwa wale walioombwa kutabiri kwanza kitakachotokea, kabla jaribio halijaanza. Jaribio lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni swali na dakika chache za kulijibu.

Nilisoma mara mbili. Maabara ile niliyoitamani ingeweza kufunguliwa kila siku, nami nikatoka nikiwa vilevile.

Tuchukue mfano wa huku kwetu Mtwara. Mwalimu anasimama mbele ya kidato cha pili na ndoo ya maji. Mkononi ana kipande cha mti chenye ukubwa wa kiberiti, amekificha kiganjani. Anauliza: mti huu nikiutia majini utaelea au utazama? Andikeni jibu na sababu. Wengi wataandika utaelea, na sababu wanazo: mtumbwi ni gogo la mwembe na unaelea na watu ndani, sembuse kijiti. Mwalimu anakiachia. Kinashuka moja kwa moja hadi kinagonga chini ya ndoo. Ni mpingo, ule ule unaochongwa vinyago vya Kimakonde. Kisha anachukua kipande kikubwa cha mwembe, kizito mara kadhaa kuliko kile cha kwanza, anakitia, nacho kinaelea.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Kiini cha mpingo kwa nafasi hiyo hiyo huzidi kilo 1,200. Kwa hiyo kinachoamua si uzito wa kipande kizima, bali ni maada kiasi gani imeshindiliwa ndani ya nafasi ile ile, yaani densiti. Sentensi hiyo mwanafunzi anaweza kuikariri bila ndoo. Lakini kwa nini kutabiri kunaifanya iingie?

Fikiria abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Mtwara. Baada ya Lindi, pale Mnazi Mmoja, njia zinaachana: moja inakwenda Mtwara, nyingine Masasi. Kapanda basi la Masasi bila kujua, kalala. Anazinduka Ndanda. Anashtuka, anamuuliza konda, anarudisha safari yote kichwani: nilipotea wapi? Sasa mfikirie mwingine aliyepanda basi hilo hilo bila kujiuliza anakwenda wapi. Naye anafika Ndanda, anaangalia dirishani, anaona mji tu. Mji ni ule ule, ila huyu wa pili hana la kuuliza, maana hakuwa na safari ya kulinganisha. Mwanafunzi aliyeandika "utaelea" ni yule abiria wa kwanza. Aliyekaa akatazama tu ameona mti ukizama, akafunga daftari.

Hapa ndipo nilipoelewa kazi ya kituo. Swali lile la kipande cha mti halitoki kwenye darubini. Linatoka kwa mwalimu anayejua wanafunzi wake wanajikwaa wapi. Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Lee Shulman, alieleza kwamba hii ni elimu ya aina yake, tofauti na kulijua somo lenyewe. Mchongaji wa Kimakonde angemwelewa upesi: bwana misitu anaujua mpingo, lakini mchongaji anajua utapasukia wapi.

Elimu hiyo hupatikana walimu wakiandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakaangalia nyuso za wanafunzi badala ya ubao, kisha wakakaa kulirekebisha. Kenya walianza mwaka 1998 kuwaendeleza kazini walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kupitia mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano na Japani. Hesabu yake ni nyepesi: mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 50 ana wanafunzi 200 kwa mwaka. Akifundisha miaka 30 na kila mwaka akapata wapya, ni 6,000. Basi la kuleta wanafunzi kutazama maabara haliwezi kufika huko.

Kusini sasa kuna pa kuanzia. Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, kinachoandaa walimu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanzisha kampasi Lindi. Kama ningeulizwa, kituo chao kiwe na meza zinazosogezwa, karakana ya kutengeneza vifaa kwa mbao, chupa na nyaya za kawaida, na darasa halisi la wanafunzi jirani.

Tahadhari moja: wanafunzi wa Harvard si wa Newala. Wa kwetu anatoka shule ya msingi akiwa amesoma kwa Kiswahili, anakutana na densiti kwa Kiingereza, na darasa la watu 70 halijadiliani kama la watu 20. Kwa hiyo njia hii inahitaji kupimwa hapa hapa, na kupima huko nako ni kazi ya kituo.

Tena swali la ndoo halijaisha. Kuna mtoto atakayeuliza: na kwenye maji ya chumvi? Bahari haitoshi, mita yake ya ujazo ni kama kilo 1,025, mpingo utazama tu. Lakini maji yaliyokolea chumvi kabisa, kama yale yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi, hukaribia kilo 1,200, na uzito wa mpingo hutofautiana, mti kwa mti. Hapo hata mwalimu itabidi aandike utabiri wake pamoja na darasa, kisha atume mtu akachote maji.