Mtoto Akianza Uji Akakoroma, Sikilizeni Pumzi Kabla ya Kulaumu Kimio

Novemba ni mwezi wa Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, na kama ilivyo kila Mei na kila Novemba, mabenchi ya kliniki ya watoto yamejaa. Watoto wa miezi sita wanakuja kupokea vitamini A yao ya kwanza, na safari hii mama zao wanakuja na swali moja: "Daktari, tangu nimwanzishe uji, anakoroma. Kifua kinalia. Ni chakula?" Wengine wameshaacha kumlisha na kurudi kwenye maziwa matupu. Wengine, na hawa ndio wanaotuumiza moyo, wamekuja baada ya mtoto kukatwa kimio, kile kinyama cha kooni kinacholaumiwa kwa kukoroma.

Kelele peke yake haitwambii kama mtoto ni mgonjwa. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba, na kwa kawaida anapumulia puani; kamasi kidogo tu yatosha kumfanya akorome kama mtu mzima. Isitoshe, miezi sita ndio umri ambao kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua, na ndio umri anaookota kila kitu na kukitia mdomoni. Katika nyumba za Kisauni au Majengo, mitaa ya Mombasa, ambako ua mmoja una familia tatu, mafua ya mmoja ni ya wote. Uji na mafua vimefika wiki moja, basi uji ukabebeshwa lawama.

Muhimu ni kujua sauti inatoka wapi. Ya puani ni ya kukoroma, hupungua ukimsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani la dawa. Ya kifuani ni kama filimbi, husikika zaidi akitoa pumzi, na hiyo yafaa aonwe na mhudumu. Ya kooni ni mkwaruzo anapovuta pumzi. Mkwaruzo huu, mama akiniambia ulikuwepo tangu kabla ya kutoka arubaini, unazidi akilala chali, akilia au akinyonya, mara nyingi ni zoloto laini, yaani nyama za juu ya koo ambazo hazijakaza. Wengi huachana nao kati ya mwaka mmoja na miwili bila dawa, lakini aonwe hata hivyo, hasa kama haongezi uzani. Mkwaruzo uliozuka leo, kwa mtoto aliyetulia bila kulia, ni jambo jingine kabisa: huyo aletwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa kuhusu ulishaji, kwa sababu hapa ndipo ninapoona makosa kila siku. Kuna wanaomlaza mtoto mapajani, wakambana pua, wakamnywesha uji kwa kiganja. Akifungua mdomo kutafuta hewa, uji unaingia, na sehemu yake inaingia njia ya pumzi. Mtoto huyo atakohoa akila, atalia kifua usiku, na baada ya siku chache ana homa ya mapafu. Wapo pia wanaoupanua tundu wa chuchu ya chupa ili uji upite. Tumelisema hili miaka nenda miaka rudi. Mtoto akae wima, kichwa kisiangukie nyuma, alishwe kwa kikombe na kijiko, uji uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko bila kutiririka. Mwanzo ni vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, na kunyonya kunaendelea kama kawaida. Akigeuza uso, ameshiba au amechoka. Mwacheni.

Koo kurudisha chakula nje mwanzoni si hatari. Uso unamwiva, anakohoa, anatoa ulimi, anasukuma tonge mbele, anajifunza. Hatari ni mtoto aliyesakamwa, na aliyesakamwa hana kelele: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mpige mara tano kati ya mabega. Kama hakijatoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia huku mwenzako akitafuta usafiri. Usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Na mabuyu, jamani. Watoto wakubwa wanakula mabuyu na njugu barazani, mdogo anatambaa kati yao. Kokwa ya buyu au njugu ikiingia pafu, mtoto anaweza kukohoa dakika chache, akanyamaza, kisha akarudi wiki moja baadaye na filimbi ya upande mmoja isiyosikia dawa. Kama mliwahi kumwona akipaliwa, semeni, hata kama ni zamani. Hatutamgombeza mtu.

Pumzi huhesabiwa hivi. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe titini. Fungua kifua, weka saa ya simu, hesabu kila kinapopanda kwa dakika moja kamili, si nusu ukazidisha. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifika 50 au zaidi, anapumua haraka. Aliyepita mwaka, ni 40. Tazama pia chini ya mbavu: pakibonyea ndani akivuta pumzi, usihesabu tena, njoo. Vivyo hivyo akikataa kunyonya kabisa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke. Na mtoto akivimba midomo, akatoka vipele na kuanza kupumua kwa shida muda mfupi baada ya kula yai, samaki au njugu, hiyo ni dharura ya mzio.

Mkifika, dharura hupita mbele ya foleni. Mwambieni mtu wa mapokezi, msikae mkingoja namba. Tutampima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Ikiwa chini ya asilimia 90 anawekewa hewa kwanza, maswali baadaye. Homa ya mapafu isiyo na dalili hatari hutibiwa nyumbani kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka, kwa siku tano, na mtoto anarudi baada ya siku mbili kuangaliwa. Anayehitaji rufaa hupewa barua. Malipo yasiwazuie. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa kituo chenye uwezo kinachokataa kuyatoa.

Nirudi kwa kimio. Ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na husaidia chakula kisipande puani. Hakizibi pumzi ya mtoto. Mafua yangeondoka yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Fundi wa kukata vimio akikata siku ya tano, sifa anachukua yeye. Kinachobaki ni damu, kidonda, na hatari ya pepopunda kutokana na wembe ule. Ibara ya 53 ya Katiba inamlinda kila mtoto dhidi ya mila zinazomdhuru. Tunawaheshimu kina nyanya, na wengi wao ndio wanaotuletea watoto mapema. Ila kwa hili hapana, na samli au mafuta ya nazi puani pia hapana: mafuta yakishuka mapafuni hayatoki kwa kukohoa. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma viwe mbali na chumba anacholala.

Makala haya hayachukui nafasi ya kuonwa na mhudumu. Mkija, chukueni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kama mnaweza mrekodini kwa simu akiwa analia kifua, kwa kuwa wengi wakifika kliniki hunyamaza. Njooni pia na kikombe na kijiko chake na uji kidogo. Nitawaomba mumlishe mbele yangu.