Kuhamia udalali wa nyumba ukiwa na watoto: hesabu za kufanya kabla ya kuacha mshahara

Wazazi wengi wanaofikiria kuhamia udalali wa nyumba na viwanja huvutwa na jambo moja kuliko mengine yote: hakuna saa ya kuripoti kazini. Ni kweli kwamba dalali hasainishwi daftari la mahudhurio asubuhi. Lakini ana wateja, na wateja wengi nao wameajiriwa. Hupata nafasi ya kuona nyumba wakishatoka kazini, au siku za mwisho wa wiki. Hizo ndizo saa ambazo mtoto amerudi kutoka shule, anataka kula, kuoga na kusaidiwa kazi za nyumbani. Anayehama kwa kutumaini kwamba atakuwa nyumbani jioni huja kugundua kuwa jioni ndiyo saa ya kazi.

Ndiyo maana sianzi kwa kumuuliza mtu kama anapenda nyumba au kama ana kipaji cha kuongea. Nauliza mambo mawili, na yote hujibiwa kwa karatasi na kalamu kabla ya kulipia kozi yoyote. La kwanza, familia itaishi kwa nini hadi kamisheni ya kwanza iingie? La pili, nani atakuwa na watoto kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumamosi asubuhi?

Kalenda ya fedha

Dalali hulipwa mwisho kabisa. Nyumba ya mteja ikishatangazwa, mnunuzi akapatikana, bei ikakubaliwa, hati zikahakikiwa, benki ikatoa mkopo na umiliki ukahamishwa, hapo ndipo kamisheni hutoka. Kila hatua ina wiki zake.

Anza na mafunzo. Masharti hutofautiana sana. Ndani ya Marekani pekee, jimbo la Florida linadai saa 63 za masomo kabla ya leseni ya dalali wa mauzo, na Texas saa 180. Uingereza haina leseni ya lazima kwa dalali wa mauzo ya nyumba za kuishi, ila humlazimu kujiunga na mfumo uliothibitishwa wa kushughulikia malalamiko ya wateja. Kwa hiyo soma sheria ya mahali utakapofanyia kazi, kisha gawanya. Mzazi anayesoma watoto wakishalala hupata saa 8 kwa wiki zenye utulivu wa kweli. Saa 63 zitamchukua wiki 8. Saa 180 zitamchukua karibu wiki 23. Usipange saa 15 kwa wiki. Homa moja ya mtoto ikipita, ratiba ya namna hiyo huvunjika na hairudi.

Ongeza mwezi mmoja wa mtihani, maombi na kupata ofisi ya udalali ya kujiunga nayo, miezi 2 ya kumpata mteja wa kwanza wa kweli, miezi 2 ya kutafuta mnunuzi, na miezi 2 kutoka makubaliano hadi umiliki kuhama. Hata kwa kozi fupi umeshafika miezi 9. Haya ni makadirio ya kupangia, na mahali pengine mambo huenda haraka zaidi au hukwama zaidi, lakini anayepanga miezi 3 karibu kila mara hurudi kwenye ajira akiwa na deni.

Akiba inayohitajika basi ni miezi 9 ya kile ambacho mshahara wako unachangia nyumbani. Sisemi matumizi yote ya nyumba. Kama mwenzako ana mshahara unaolipa kodi ya nyumba na chakula, wewe ziba pengo tu: ada za shule, mlezi, usafiri. Mzazi anayelea peke yake ahesabu matumizi yote, na kwa maoni yangu asiache ajira kabla ya kufunga angalau mauzo mawili akiwa bado ameajiriwa.

Kamisheni si mapato yako

Chukua kamisheni ya 100, kwa sarafu yoyote. Ofisi unayofanyia kazi huchukua sehemu yake. Kwa mwanzoni, tuseme 40. Zimebaki 60. Usafiri, picha, matangazo na simu vimekula 10. Zimebaki 50. Kwa kuwa hakuna mwajiri wa kukukata kodi, tenga mwenyewe robo. Umebaki na 37.5. Badilisha viwango kulingana na ofisi na sheria za kwenu, ila usiruke hatua yoyote. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni mtu kulinganisha ile 100 na mshahara wake wa sasa, ambao tayari umeshakatwa kila kitu.

Sasa rudi nyuma kutoka mwaka mzima. Tuseme kinachobaki mkononi kwa kila mauzo ni sawa na mshahara wako wa mwezi mmoja na nusu. Kufikia mshahara wa miezi 12 unahitaji mauzo 8. Lakini kutangulia si kufika: mikataba mingine huvunjika baada ya kusainiwa. Ukikadiria kwamba mmoja kati ya minne utavunjika, unatakiwa kusaini 11 ili ufunge 8.

Huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Benki humkatalia mnunuzi mkopo, au mthamini huleta thamani iliyo chini ya bei waliyokubaliana na mnunuzi hana cha kujazia. Ukaguzi hufichua ufa kwenye msingi au paa linalovuja. Mirathi haijakamilika na mrithi mmoja hataki kuuza. Nyingi kati ya hizi zinaweza kugunduliwa wiki ya kwanza. Omba nakala ya hati ya umiliki kabla ya kutangaza, thibitisha kwamba kila mwenye jina au haki amekubali kuuza, na usimzungushe mnunuzi kwenye nyumba kabla benki haijamwambia kwa maandishi kiasi inachoweza kumkopesha. Kwa dalali mwenye watoto hatua hizi zina thamani ya ziada, maana kila safari isiyo na matunda imelipiwa mlezi.

Weka na saa. Mimi hupangia saa 40 kwa kila mauzo yanayofungwa na 20 kwa yanayovunjika: 320 ukijumlisha na 60 unapata 380 kwa mwaka. Halafu saa 10 kila wiki za kutafuta wateja kwa wiki 46, yaani 460. Jumla ni 840, kama saa 18 kwa wiki. Zaidi ya nusu ya kazi, kwa hiyo, ni kutafuta watu: kupiga simu, kufuatilia, kuhudhuria, kujibu ujumbe. Asiyependa sehemu hiyo hatadumu, hata kama anapenda nyumba kiasi gani.

Yanayopotea na barua ya kuacha kazi

Orodhesha kila kitu ambacho mwajiri hukulipia bila wewe kukiona: bima ya afya ya watoto, likizo yenye malipo, likizo ya uzazi, siku za ugonjwa, mchango wa pensheni. Tafuta bei ya kujinunulia kila kimoja na ujumlishe kwenye lengo la mwaka. Anayetarajia mtoto mwingine asome masharti ya likizo ya uzazi kwa mtu aliyejiajiri kabla ya kusaini chochote.

Kuna jambo linalosahaulika. Ukitaka kukopa kwa ajili ya nyumba yako mwenyewe, omba ukiwa bado na hati za mshahara. Benki humtazama anayelipwa kwa kamisheni kwa tahadhari na mara nyingi humdai kumbukumbu za mapato za miaka 2. Ila mweleze mkopeshaji ukweli kuhusu mpango wako wa kuhama, kwa sababu kuficha mabadiliko ya kazi wakati wa kuomba mkopo kunaweza kuwa kosa kisheria.

Saa za nyumbani

Mlezi wa mchana humsaidia dalali kidogo. Mchana watoto wakiwa shule wewe unaandika matangazo, unapiga picha mwanga ukiwa mzuri, unafuatilia hati, unakutana na mthamini au wakili. Pengo liko jioni na Jumamosi, na huko malezi huwa adimu na ghali zaidi. Chagua jioni 2, pamoja na nusu siku moja ya mwisho wa wiki, uzifanye za kudumu, na mtu wa kukaa na watoto ajulikane kwa jina. Nje ya hapo huonyeshi nyumba. Wateja wengi hukubali ukiwapa chaguo la nyakati mbili mahususi: "Jumanne saa 11 na nusu au Jumamosi saa 4 asubuhi?" Ukimuuliza mteja "lini una nafasi?", umeshatoa jioni zako zote.

Panga nyumba 3 au 4 za mtaa mmoja kwenye mzunguko mmoja, dakika 30 kila moja pamoja na mwendo, na thibitisha kwa simu muda wa saa 2 kabla ya miadi. Asiyethibitisha, safari haipo.

Mtoto asije kwenye maonyesho ya nyumba. Nyumba tupu huwa na ngazi zisizo na kingo, mashimo ya maji, nyaya zilizo wazi, na jicho lako haliwezi kuwa kwa mnunuzi na kwa mtoto kwa wakati mmoja. Akivunja kitu au akiumia, bima ya ofisi huenda isihusike.

Tafuta dalali mwenza kabla hujamhitaji. Mtoto ataugua siku ya maonyesho muhimu, na hapo hutakuwa na muda wa kujadiliana. Andikeni mapema: ada maalumu kwa kuonyesha nyumba moja, asilimia mkubaliane kwa kumchukua mteja hadi mwisho, na kwamba mteja anabaki wako. Hakikisheni ofisi zenu na sheria zinaruhusu mgawanyo huo. Dalali mwenye watoto asiye na mwenza wa namna hii hupoteza wateja katika wiki zilezile ambazo familia inamhitaji zaidi.

Usalama nao una upande wa mzazi. Tarehe 28 Julai 1986, Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba mjini London, alitoweka baada ya kwenda kwenye miadi aliyoiandika kwenye shajara yake kwa jina la Bw. Kipper. Hajapatikana hadi leo. Kutokana na hilo wazazi wake waliunda taasisi ya usalama yenye jina lake, na kanuni zinazofundishwa sasa ni rahisi kuzifuata. Mteja mpya hukutana nawe kwanza ofisini, anaonyesha kitambulisho, ofisi inajua uko wapi na utamaliza saa ngapi, na mtu fulani hupiga simu usipojitokeza. Ndani ya nyumba, mteja atangulie, wewe ubaki karibu na mlango. Kwenye kurasa za matangazo tumia anwani ya ofisi, na picha za watoto au sare ya shule yao zisionekane.

Mlango wa kuingilia

Si lazima uanze na mauzo. Upangishaji hulipa kidogo kwa kila mkataba lakini mzunguko wake ni wa wiki badala ya miezi, na mpangaji wa leo huwa mnunuzi wa baadaye. Usimamizi wa majengo hutoa ada ya kila mwezi, kwa kawaida asilimia ya kodi inayokusanywa, na ndiyo kazi yenye mapato yanayotabirika zaidi hapa. Gharama yake ni simu ya usiku bomba likipasuka, hivyo uwe na fundi bomba na fundi umeme waliokubali kuitwa saa yoyote. Kazi ya kuratibu hati katika ofisi kubwa hulipwa mshahara na hufanyika mchana. Kwa mzazi wa watoto walio chini ya umri wa shule, mimi ningeanzia huko. Uthamini ni taaluma nyingine, wenye masomo yake marefu.

Ofisi utakayojiunga nayo iulizwe mambo haya kabla ya kusaini: inachukua asilimia ngapi na kama hupungua ukifikia kiwango fulani, kama kuna ada ya mwezi hata usipouza, nani analipia matangazo, kamisheni hukufikia siku ngapi baada ya mauzo kufungwa, wateja ni wa nani ukiondoka, bima ya makosa ya kitaaluma inalipwa na nani, na kama wanapokea wasiofanya kazi siku nzima. Ofisi nyingine hukataa hao wa mwisho, na ni afadhali kujua sasa. Majibu yote yawe ndani ya mkataba.

Kabla ya kuacha kazi, jaribu ratiba kwa wiki 8. Jioni 2 na Jumamosi asubuhi toka nyumbani kweli, soma, au omba ruhusa ya kumsindikiza dalali mzoefu, na mlipe mlezi kama vile ungekuwa kazini. Kagua pia mkataba wa ajira yako, kwa sababu waajiri wengine hukataza kazi ya pembeni. Kama wiki 3 au zaidi kati ya 8 zimevunjika, tatizo la malezi halijatatuliwa, na leseni haitalitatua.

Halafu andika na mwenzako, au na mtu unayemwamini, mpaka wa kurudi: mwezi wa 6 uwe na angalau mkataba mmoja uliosainiwa wa kuuza nyumba, mwezi wa 9 mauzo moja yaliyofungwa, na akiba isishuke chini ya miezi 2 ya matumizi. Ukigusa mpaka wowote kati ya hiyo, siku hiyohiyo anza kutuma maombi ya ajira, kwa sababu kutafuta kazi nako huchukua miezi, na ile miezi 2 ya akiba imewekwa kwa ajili hiyo.